Setilaiti Zao, Barabara Zetu: Historia Fupi ya Ramani Ndani ya Gari

Wengi wenu mmekwisha kuisikia sauti ya mwanamke akizungumza Kijapani pindi gari lililotumika linapowashwa. Anamjulisha dereva kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa Japani wa kulipia ushuru wa barabara kuu, na gari lenyewe limekwisha kuvuka bahari, limetolewa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na halitaliona tena lango la ushuru la Japani. Mwenye gari huizoea sauti hiyo kama mtu anavyouzoea mlio wa jogoo wa jirani. Lakini kando ya sauti hiyo, katika dashibodi, kimo chombo kilichokuwa ghali sana siku gari lilipokuwa jipya: mfumo wa kuongozea njia, wenye antena, kipokezi cha setilaiti na waya unaoleta habari za mwendo wa magurudumu. Setilaiti zinazopita juu ya Tokyo ndizo zinazopita juu ya Morogoro na Nakuru, na antena haina ubaguzi. Kisichokuwamo ni Morogoro na Nakuru. Diski ina Japani peke yake.

Swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza, na ambalo niliwahi kuulizwa pia na ofisa mmoja aliyekuwa akiandaa zabuni ya magari, ni hili: kati ya mfumo uliojengwa ndani ya gari na kile kifaa kidogo cha GPS kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, kipi ni sahihi zaidi? Ni swali halali, na lina jibu. Ila limebeba maswali mawili tumboni, na historia yake ya miaka zaidi ya arobaini ni historia ya kuyachanganya. La kwanza ni kama chombo kinajua kilipo. La pili ni kama kinajua mahali hapo pakoje: pana daraja au hapana, njia inapitika au imefungwa, barabara iliyochorwa bado ipo au imekwisha kumezwa na pori. Chombo kinaweza kulifaulu la kwanza kwa alama zote na kulifeli la pili kabisa. Jibu la swali la kwanza lilijengwa na jeshi la nchi moja kwa ajili ya dunia nzima. Jibu la swali la pili kila nchi hujijengea, au hujengewa, au hukosa.

Ramani ndani ya gari ilitangulia setilaiti. Mwaka 1981 kampuni ya Honda iliuza Japani chombo kilichoitwa Electro Gyrocator. Kilihisi mgeuko wa gari kwa mkondo wa gesi ya heliamu, kikahesabu umbali kutokana na mzunguko wa magurudumu, kisha kikasogeza nukta ya mwanga chini ya karatasi angavu iliyochorwa ramani. Ukifika mwisho wa karatasi, unaweka nyingine kwa mkono. Mwaka 1985 likafuata jambo kubwa zaidi kule California: Etak Navigator, kazi ya Stan Honey, mtu wa mashua na hesabu, kwa fedha za Nolan Bushnell aliyeanzisha Atari. Ramani zake zilihifadhiwa kwenye kanda za kaseti. Neno lenyewe, etak, ni la mabaharia wa visiwa vya Pasifiki, ambao katika hesabu zao za safari chombo hutulia na visiwa ndivyo vinavyosogea. Na ndivyo kioo cha Etak kilivyofanya: gari lilikaa katikati, mji ukasogea.

Hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na kamali, kipande cha ubao chenye uzi wenye mafundo, wakipima nayo kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari. Kamali ilimwambia nahodha yuko mbali kiasi gani kaskazini au kusini. Haikumwambia mwamba uko wapi, wala mlango wa bandari una kina gani wakati wa maji mafu. Hayo alikuwa nayo kichwani, au alikuwa nayo rubani wa mahali aliyepandishwa chomboni. Tofauti ya maswali mawili niliyoitaja hapo juu haikuanza na umeme.

Turudi Etak. Tatizo la kuhesabu magurudumu ni kwamba kosa hujilimbikiza. Tairi likipungua upepo hesabu inapotoka, na baada ya kilomita kadhaa nukta inaogelea katikati ya nyumba za watu. Dawa waliyoipata ikawa urithi wa kila mfumo uliofuata: gari likikata kona, kompyuta hutafuta katika ramani kona inayofanana na hiyo hapo karibu, na kujisahihisha. Zingatieni maana yake. Ramani haikuwa tena picha ya kutazamwa na dereva tu. Ilikuwa sehemu ya kipimo. Mahali penye ramani mbovu, hata hesabu nzuri ya magurudumu haiokoleki.

Ramani za namna hiyo zilitoka wapi? Kwa ajili ya sensa ya mwaka 1990, Idara ya Sensa ya Marekani, ikishirikiana na taasisi ya taifa ya upimaji wa kijiolojia, ilitengeneza hazina ya kidijitali ya barabara na mitaa ya nchi nzima iliyoitwa TIGER, na ikaiweka wazi kwa umma. Japani nako, mwaka 1988, kulianzishwa chama cha kutengeneza ramani msingi ya barabara kwa mfumo wa kidijitali, serikali na viwanda vikiwa pamoja. Kampuni binafsi ziliongeza kazi kubwa ya kwao, na magari yao yalizunguka mtaa kwa mtaa kuandika kila alama ya kukataza kona. Lakini kazi kubwa ya msingi ilikwisha kufanywa kwa kodi za wananchi, na kwa sababu zisizohusiana na magari hata kidogo. Nalisisitiza hili kwa watumishi wa umma wanaonisoma, maana hadithi tunayosimuliwa ya teknolojia hii huanzia kwenye karakana ya kijana mbunifu na kuishia kwenye soko la hisa.

Sasa setilaiti. Ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa mwaka 1978, na mwenye mali alikuwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mnamo tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, iliyokuwa imepotoka njia na kuingia anga ya Usovieti, ilitunguliwa na watu 269 wakafa. Siku chache baadaye serikali ya Ronald Reagan ikatangaza kwamba GPS itakapokamilika itatolewa bure kwa matumizi ya kiraia. Tangazo hilo hutajwa sana. Kinachotajwa kidogo ni kwamba kilichotolewa bure kilitiwa maji kwanza. Kuanzia mwaka 1990 ishara ya kiraia ilivurugwa kwa makusudi, ili asiye na ufunguo wa kijeshi asijue alipo kwa usahihi zaidi ya takribani mita 100. Mita 100 mjini ni mtaa wa pili, au wa tatu.

Sera hiyo ilijaa vichekesho vya dola. Katika vita vya Ghuba, mwaka 1990 hadi 1991, jeshi la Marekani halikuwa na vipokezi vya kijeshi vya kutosha. Askari wakapewa, na wengine wakajinunulia, vile vya kiraia. Ikabidi uvurugaji uzimwe kwa muda ili askari wao wenyewe wasipotee jangwani. Baadaye walinzi wa pwani wa nchi hiyo hiyo wakajenga minara ya kurusha masahihisho kwa ajili ya meli. Mkono mmoja wa serikali ukawa unalipwa kuharibu ishara, na mkono mwingine unalipwa kuitengeneza.

Katika mazingira hayo ndipo mfumo wa ndani ya gari ulipotawala. Mazda ilitoa gari lake la Eunos Cosmo lenye GPS ya kujengewa mwaka 1990, na Pioneer ikauza chombo chake mwaka huo huo. Ishara iliyokosea kwa mita 100 ilitosha kuuambia mfumo uko eneo gani. Kazi iliyobaki ilifanywa na magurudumu, na kitambuzi cha mgeuko, na ramani. Kipokezi cha mkononi hakikuwa na magurudumu. Kwa hiyo mtu aliyesema katika miaka ya tisini kwamba chombo cha kujengewa ni sahihi zaidi alisema kweli, na sababu yake ilikuwa ya kisiasa kabla ya kuwa ya kiufundi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uvurugaji ulizimwa. Hakuna kiwanda kilichobadilisha chochote, hakuna mwenye kipokezi aliyenunua kipya. Watu waliamka na vyombo vyao vikiwa vimeboreka mara kadhaa. Biashara ya kifaa cha kubandika kwenye kioo ilizaliwa usiku huo. Garmin walikuwa na StreetPilot tangu mwaka 1998, lakini ni TomTom Go ya mwaka 2004 na wenzake waliofuata waliokifanya kifaa hicho kuwa kitu cha kawaida Ulaya na Marekani, kiasi kwamba polisi wa Uingereza wakawa wanawashauri madereva wafute hata alama ya duara inayoachwa kwenye kioo, wezi wasije wakajua kimo ndani ya gari.

Hapo ulinganisho ukawa wa haki, na matokeo yake ndiyo haya. Kwa kujua kilipo, mfumo wa kujengewa umebaki mbele pale penye taabu. Ndani ya handaki, chini ya daraja la ghorofa, kati ya majengo marefu ambako mawimbi hugonga kuta na kurudi yakiwa yamechelewa, magurudumu na kitambuzi cha mgeuko huendelea kuhesabu wakati kifaa cha kiooni kinaduwaa. Antena yake aghalabu huona anga vizuri zaidi, ilhali baadhi ya vioo vya mbele vimepakwa utando wa metali unaodhoofisha mawimbi. Katika barabara ya wazi tofauti haionekani, tena kwa sababu inayofichwa: vyombo vyote viwili huligandisha gari kwenye mstari wa barabara. Unachokiona kiooni si kipimo. Ni kipimo kilichosahihishwa na ramani ili kikupendeze.

Kwa kujua mahali pakoje, mambo yaligeuka. Ramani ya kujengewa ilikaa kwenye diski ya CD au DVD, gari lilisanifiwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa, na diski mpya iliagizwa kwa wakala kwa bei iliyozidi dola 100 mara nyingi. Wengi hawakuinunua kamwe. Kifaa cha kiooni kiliunganishwa na kompyuta nyumbani, na kuanzia mwaka 2007 TomTom waliwaruhusu wateja kusahihisha ramani wenyewe na kugawana masahihisho. Chombo chenye kipimo dhaifu kikawa na ramani mpya. Chenye kipimo imara kikawa na ramani ya zamani.

Tena si kwamba ramani mpya ndiyo usalama. Agosti 2009, katika bonde la Death Valley kule California, mama mmoja alifuata kifaa chake hadi njia ya kale isiyotumika, gari likakwama mchangani, na mtoto wake wa kiume akafa kwa joto kabla hawajapatikana. Walinzi wa hifadhi hiyo walianza kudai kampuni za ramani zifute njia ambazo zilikwisha kufa miaka mingi nyuma. Chombo kile kilijua kilipo.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi wa vifaa hawaligusi, nalo kwetu ndilo kubwa. Huwapeleka wanafunzi wangu nje ya darasa na kipokezi cha mkononi na karatasi ya ramani ya 1:50,000, zile zilizotokana na kazi ya ofisi ya Uingereza ya upimaji wa makoloni. Wanasoma latitudo na longitudo kwenye kipokezi, wanaweka alama kwenye karatasi, na karatasi inawaambia wako kusini, ng'ambo ya mto. Wanabishana. Wa kwanza husema kifaa ni kibovu. Kifaa si kibovu, na karatasi si mbovu. Karatasi imechorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, uliotokana na tao la meridiani ya 30, kazi ambayo David Gill aliianzisha kutoka Afrika Kusini karne ya 19 na ambayo kiungo chake cha mwisho kilifungwa Sudani mwaka 1954. GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84, wenye umbo jingine la dunia na kitovu kingine. Kati ya misingi hiyo miwili, hapa Tanzania na Kenya, pana tofauti ya takribani mita 300. Kwenye karatasi ni milimita 6. Kwenye mpaka wa shamba, au wa wilaya, ni kesi ya miaka ishirini.

Japani ilikuwa na tatizo hilo hilo. Msingi wake wa zamani ulipishana na ule wa setilaiti kwa zaidi ya mita 400 eneo la Tokyo. Aprili 2002 sheria yake ya upimaji ilirekebishwa, nchi ikahamia msingi mpya. Kwetu zipo ofisi ambamo karatasi za Arc 1960 na orodha za vipimo vya WGS 84 zinakaa kabati moja, bila yeyote kuandika juu ya jalada kipi ni kipi. Ofisa anunue kipokezi cha bei gani ili jalada hilo lijiandike?

Soko lenyewe nitalipita upesi. Oktoba 2007 Nokia ilikubali kuinunua Navteq kwa dola bilioni 8.1, mwaka 2008 TomTom ikaichukua Tele Atlas, ambayo miaka minane nyuma ilikuwa imeimeza Etak. Oktoba 2009 Google ikatoa maelekezo ya njia bure kwenye simu, na hisa za Garmin na TomTom zikaporomoka siku hiyo hiyo. Mwaka 2015 Nokia iliuza hazina yake ya ramani kwa Audi, BMW na Daimler kwa takribani yuro bilioni 2.8. Watengenezaji wa magari, walioziona simu za wateja zikishinda mifumo yao, hawakununua vipokezi bora. Walinunua ramani.

Barani kwetu ramani ilichorwa na watu wengine kabisa. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wasafiri wa magari ya porini walikuwa wakikusanya nyayo za vipokezi vyao katika mradi wa Tracks4Africa ulioanzia Afrika Kusini, na ramani iliyotokana nazo ikawekwa kwenye vifaa vya Garmin. Kwa miaka mingi, mtu aliyekwenda Katavi au Turkana na kifaa hicho mkononi alikuwa na mwongozo ambao gari jipya la kifahari halikuwa nao. Ulikuwa ni ushindi wa kifaa cha mkononi, ila tuangalie ramani hiyo ilijua nini: njia za mbugani na kambi za watalii. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walijifunza kutumia vipokezi vya mkononi na kuuchora mtaa wao katika OpenStreetMap, ambako hapo awali palikuwa pamebaki patupu. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zenyewe, walifanya kazi hiyo hiyo katika Ramani Huria. Walichora vichochoro, nyumba na mifereji, kwa sababu shida iliyowaleta ilikuwa mafuriko. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya maji ikaja kumfaa pia dereva wa gari la wagonjwa, kama vile TIGER iliyochorwa kwa ajili ya sensa ilivyokuja kuwafaa wenye magari.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, serikali ya Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Majina ya mitaa yakapigwa kwenye vibao, nyumba zikapewa namba. Kwa maoni yangu hilo ni tendo kubwa kuliko barabara kadhaa za lami, na sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini vibao huchakaa, na nyumba mpya hujengwa kila wiki. Sijaona mjadala wa bungeni ukiuliza ni nani, kwa bajeti ya fungu gani, anayerekodi kwamba mtaa fulani umefungwa na mwingine umefunguliwa. Wala kama mwananchi, au mwanafunzi, au kampuni ndogo ya hapa nchini, ataweza kuichukua hazina hiyo yote na kujenga juu yake bila kupiga magoti mbele ya ofisa. Tukilinyamazia swali hilo, jibu litatoka kwenye kampuni zinazokusanya nyayo za simu zetu, na litakuwa jibu zuri kwa barabara wanazopita wenye simu nzuri.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na asiye na fedha za kusafiri anaweza kuanza na kata anayoishi. Achukue karatasi ya 1:50,000, OpenStreetMap, ramani ya Google na rejista ya anwani za makazi. Achague makutano 50 ya njia, ayatembelee kwa miguu akiwa na kipokezi cha mkononi, na kabla ya kuandika namba ya kwanza aandike juu ya daftari anatumia msingi gani wa upimaji. Kisha ahesabu makutano mangapi yamo katika kila ramani, mangapi yamekosewa kwa zaidi ya mita 20, na mangapi hayamo kokote. Nitafurahi kuyasoma matokeo, hasa hiyo hesabu ya mwisho.